Kawandi Zilizoachwa Uchi

Belgaum, 9 Juni 1994

Shangazi Dumgi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na nyumba yako yote. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza juzi, shule imefunguliwa, na darasani kwangu nina watoto hamsini na wawili ambao wote wana mafua. Mkweo Inas anakusalimu. Bado yuko kwenye tanuri la mikate, anarudi ana unga mpaka kwenye nyusi. Anasema ile asali uliyotupa Pasaka imeisha, na kwamba hakuila peke yake. Usimsadiki.

Shangazi, nina mimba. Ni ya miezi mitatu na nusu. Sikukuandikia mapema kwa sababu zile mbili zilizotoka nilikuandikia mapema. Daktari anasema safari hii mambo ni mazuri. Tafadhali usitangaze bado.

Nina ombi. Nataka kumshonea mtoto kawandi ya viraka ya kumfunika, kwa mkono wangu mwenyewe. Najua utacheka, maana ulipokuwa unatufundisha barazani mimi nilikuwa nakimbia na daftari. Nakumbuka kwamba tunaanzia ukingoni na kuingia ndani, lakini mengine yamenipotea, na kona ndizo zisizoniingia akilini kabisa. Niandikie hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mtu asiyejua lolote.

Usipande basi kuja kunishonea, na usinitumie iliyokwisha kushonwa. Nataka iwe yangu.

Mwanao,
Karmelin


Kendalwadi, 2 Julai 1994

Karmelin mwanangu,

Milele, amina, na marahaba. Sisi wazima. Ng'ombe mweusi kabomoa ukuta wa jirani na tumenuniana wiki nzima. Bastyav anakohoa, mkewe anasema ni vumbi la mashine ya mpunga, mimi mama yake nasema ni tumbaku. Paa linavuja juu ya kitanda changu, juu ya chao halivuji. Sijui mvua imeelekezwa na nani.

Barua yako niliisoma nikatoka nje nikacheza. Umenikataza kutangaza, basi sikutangaza, nimecheza tu peke yangu kwenye matope, bibi wa miaka sitini na mbili, na sasa kijiji kizima kinajua ama nimepata habari ama nimepata wazimu.

Haya, sikiliza mwalimu, leo unafundishwa wewe. Kwanza bitana. Tafuta sari ya pamba iliyovaliwa mpaka imelainika, ifue, ianike, ikunje mara mbili. Mpya ya dukani usinunue: ni ngumu, itamchubua mtoto, na haijavaliwa na mtu anayempenda. Nailoni ndiyo usiiguse kabisa, inateleza, wewe unashona huku yenyewe inakimbilia kule. Viraka navyo viwe vya nguo za watu wa nyumbani, shati la Inas, blauzi zako, na mimi nitakutumia pindo la sari yangu ya kanisani. Kawandi ya mtoto haina haja ya kuwa kubwa. Mkono wako mara mbili kwa urefu, mara moja na nusu kwa upana.

Kaa chini, si kwenye kiti. Anza na kona ya kushoto, uende na ukingo mpaka uzunguke urudi ulipoanzia, ndipo uingie mzunguko wa pili, na wa tatu, hivyo hivyo. Kila kiraka unakunja pindo lake kwa ukucha, unakilaza juu ya mwenzake aliyetangulia, unapiga bandi kupita vyote mpaka chini kwenye bitana. Bandi iwe ndefu kama punje ya mchele, na mstari na mstari uachane upana wa kidole cha mwisho. Uzi mara mbili. Fundo lifiche chini ya kiraka, lisimkwaruze. Na vaa subana, vidole vya kushika chaki havijui sindano.

Ukifika katikati litabaki tundu la kiraka kimoja. Tia humo punje chache za mchele, halafu uzibe. Kawandi nayo ina tumbo, na huwezi kulifunga lina njaa.

Sasa kona. Unachukua vitambaa vitatu vya rangi tatu, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Unakunja pembe kwa pembe, mara mbili, mara tatu, mpaka upate pembetatu nene. Unazipanga moja juu ya nyingine, ya chini ikichungulia, na unazishonea kwenye kona zitokeze nje. Hiyo ndiyo phula. Kona nne, phula nne. Ukiacha, kawandi yako iko uchi, na mtoto hafunikwi na kitu kilicho uchi.

Katika hili usimfuate marehemu mama yako, Mungu amrehemu wifi yangu. Mkono wa bandi aliokuwa nao Natalin sijauona kwa mwingine, lakini miaka ile ya mwisho uvivu ulimwingia, kona zote akaziacha tupu. Tulimcheka sana.

Lakini kwa nini unahangaika kuniuliza mimi, na unayo ile aliyokupa ulipokwenda bwenini? Si ya harusi yako, hiyo ni katika zile za uvivu. Ile ya shule. Phula zake zilitoka kwenye sari yangu nyekundu niliyoolewa nayo. Mama yako alikuja kuniomba machozi yanamtoka, mtoto anakwenda mbali, nikachukua mkasi nikaikata. Ikunjue uitazame, utaona kila mkunjo.

Usinyanyue ndoo.

Shangazi yako,
Dumgi


Belgaum, 20 Agosti 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani, na miguu inavimba. Pindo la sari limefika, lina harufu ya nyumbani kwako. Asante. Inas amepata homa ya siku tatu na sasa amepona. Mtoto anacheza, hasa nikiwa ubaoni.

Nimeanza. Bitana ni sari yangu ya kijani. Nimemaliza mzunguko wa kwanza na nusu ya wa pili, lakini kitambaa kinajikunyata, kimekuwa na mawimbi kila mahali. Nimefumua mara mbili. Nifanyeje?

Kuhusu kona nimeelewa ulivyoandika, nitajaribu nikifika.

Shangazi, nimekuwa nikifikiri juu ya ulichosema kuhusu Mama. Labda hakuwa mvivu. Labda ni macho. Kukunja vitambaa vidogo vile kunataka macho mazuri, na yeye alikuwa anazeeka. Ninyi wengine mlijua vipi kwamba ni uvivu? Na mliposema mlimcheka, mlimcheka kivipi?

Wasalimie wote.

Karmelin


Kendalwadi, 5 Septemba 1994

Karmelin,

Marahaba. Sisi tupo. Mpunga umesimama vizuri, nguruwe wa porini wameingia mara moja tu. Nimeacha kununiana na jirani kwa sababu mkewe kaniletea samaki wakavu.

Mawimbi unayasababisha wewe. Unavuta uzi kama unafunga mzigo. Kila ukimaliza mstari, laza kiganja, pangusa kutoka ukingoni kwenda ndani, mpaka uzi ulegee wenyewe, ndipo ukate. Na usifumue tena. Ukifua mara mbili tatu itatulia. Mtoto hatakuuliza.

Macho unasema? Natalin alikuwa anatutungia sisi sote uzi kwenye sindano! Mpaka mwaka aliokufa.

Umeuliza tulimcheka kivipi. Nikuambie basi, maana hukuwepo, ulikuwa chuo cha ualimu. Siku ya harusi ya Bastyav, kawandi za zawadi zinakunjuliwa mbele ya watu, moja baada ya moja, unajua ilivyo. Ikafika ya mama yako. Kubwa, nzuri, bandi imenyooka, na kona nne kapa. Mimi ni mama wa bwana harusi, nimekunywa kidogo, nikainyanyua juu nikauliza, "Jamani, nani kaivua nguo hii?" Watu wakavunjika mbavu. Mmoja akasema, "Mleteeni shuka, inaona baridi!" Natalin naye akacheka. Tangu siku ile akaitwa Natalin wa Uchi. Hata watoto walimwita hivyo, na wapo wanaomwita mpaka leo.

Baadaye hakuja tena kushona nasi barazani. Alisema ana mbuzi wa kuchunga. Hakuwa na mbuzi.

Ni mzaha tu, Karmelin, mawifi hutaniana. Ila nitakuambia ukweli, kawandi ile haikunifurahisha. Nilimpa sari yangu akukatie wewe phula, halafu harusi ya mwanangu mwenyewe analeta kitu kitupu.

Hujanijibu kuhusu ile ya shule. Unayo au huna? Nijibu.

Dumgi


Belgaum, 30 Oktoba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Inas mzima. Kawandi imefika katikati, nimetia mchele na kuziba. Kona zimebaki. Nimezishika mara nyingi na kuziweka chini.

Jina hilo sikulijua. Nilikuwa nakuja likizo, nakula, nalala, narudi, na hakuna aliyenitajia. Nimekaa na barua yako wiki saba. Nimeandika majibu manne nikayachana.

Ile ya shule sinayo. Na hata ningekuwa nayo usingeona mkunjo wowote, kwa sababu phula zake nilizikata.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Bweni lile lilikuwa na wasichana arobaini, na Msidi, mzao wa Afrika katikati ya Wahindi wote wale, nilikuwa mimi peke yangu. Wao walikuwa na blanketi za dukani. Siku ya kwanza nilipotandika, msichana wa kitanda cha pili alishika kona akasema, "He, blanketi lina masikio!" Basi ikawa ndiyo habari ya mjini. "Karmelin, punda wako kala?" "Karmelin, mpigie filimbi punda, ana masikio manne huyo, atasikia." Kila asubuhi walipita wakizivuta. Nywele zangu walikuwa wameshazisema wakachoka, zile hazikuchosha.

Wiki ya tatu wote walipokwenda kuoga nilichukua wembe wa kuchongea penseli nikazikata. Moja, mbili, tatu, nne. Nyuzi za Mama zilikuwa imara, ilinibidi nizikate moja moja. Nikaenda nazo jikoni nikazitia kwenye moto, mpishi akiwa anaosha mchele. Sari yako ya harusi, Shangazi. Ilitoa moshi mwingi kuliko nilivyotarajia.

Waliporudi hakuna aliyesema kitu, na mimi nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo lakini ni kweli, nilifurahi na nikalala vizuri.

Mwezi uliofuata Mama alikuja kunitembelea, akapewa ruhusa ya kuingia bwenini. Aliiona. Aliishika kona moja, akanyamaza.

Nadhani ndiyo sababu. Hakuwa mvivu. Mwanawe alimvulia nguo kawandi yake, na yeye hakutaka tena kuzivisha. Mimi nilifanya, akachekwa yeye, na mimi nimekaa huku naitwa mwalimu.

Sitegemei ujibu.

Karmelin


Kendalwadi, 11 Novemba 1994

Karmelin,

Barua yako imefika. Kwa sasa sina la kukuandikia. Usinyanyue vitu vizito, na usifunge safari.

Dumgi


Kendalwadi, 28 Desemba 1994

Karmelin mwanangu,

Heri ya Noeli iliyopita. Kadi ya Inas tumeipata, mtoto wa kiume, kilo tatu, wote salama. Nimelia mpaka mkwe wangu akaniletea maji. Jina la Lawrens ni zuri. Tumemtaja kanisani, tumepiga ngoma, tumekula nyama, na Bastyav kaacha tumbaku, kwa siku nne.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Sari ile niliivaa siku moja tu maishani. Siku nilipopata barua yako nilimpigia ng'ombe kelele, nikampigia mkwe kelele, mpaka padri alipouliza nina nini nikamwambia mgongo.

Lakini hasira ya sari ilidumu kama wiki mbili tu. Kilichobaki ni kingine. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu kati ya watu wasiokutaka. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na moja, nyumbani kwangu, kati ya ndugu, na nilishika kawandi ya wifi yangu nikaionyesha watu. Hakuna aliyenivuta masikio. Nilitaka tu wacheke. Sikumuuliza hata mara moja, "Wifi, una nini?" Tuliishi nyumba tatu kutoka kwake, aliacha kuja, nami nikasema afadhali, nafasi imepatikana. Niliivisha maiti yake kwa mikono hii, na jina la Uchi nilikuwa nimempa mimi.

Sasa nakuomba kitu, na ukikataa sitakulazimisha. Mwezi uliopita msichana mmoja alisahau phula barazani, na wenzake wakamwambia, "Unashona Kinatalin?" Yule msichana hakumjua mama yako hata kwa sura. Limekuwa neno. Mimi nikiwaambia waache watadhani nazeeka. Mtu wa kuwaambia ni wewe. Njoo Februari na mtoto, kaa barazani mbele yao wote, waeleze kwa nini kona zile zilikuwa tupu. Na mimi nitasema langu.

Najua unachokiogopa. Watakutazama. Ndiyo, watakutazama.

Lawrens analala kwenye nini sasa?

Shangazi yako,
Dumgi


Belgaum, 20 Januari 1995

Shangazi,

Shikamoo. Lawrens anakua, ana mashavu ya Inas na sauti yako. Analala kwenye kawandi yake. Kona bado. Kila nikikunja kile kitambaa nakikunjua tena.

Nilikuandikia barua ndefu ya kueleza kwamba mtoto ni mdogo, barabara ni mbaya, likizo yangu inaisha, na Inas hapati ruhusa. Yote ni kweli. Inas aliikuta mezani akaisoma, akasema, "Hii umemwandikia shangazi au mkaguzi wa shule?" Nimeichana.

Tutakuja tarehe kumi na sita, basi la saa nne. Usiwaambie kabla. Nataka wanikute nimekaa.

Karmelin


Kendalwadi, 3 Machi 1995

Karmelin mwanangu,

Natumaini mlifika salama, na kwamba Lawrens hakutapika tena. Nyumba imekuwa kimya. Mkwe wangu amekiacha kile kitambaa alichokojolea mtoto kikining'inia pale pale, anasema anakumbukia.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile mlipoondoka, nikasubiri nitulie. Ulisema vizuri. Ulisimama na ulisema. Wale wanawake walipoanza kukuuliza upuuzi, "Ulikata kwa wembe au mkasi? Zilichukua muda gani kuungua?" nilitaka kuwafukuza barazani kwangu. Lakini unawajua wenyewe, mtu akiogopa kulia anauliza mambo ya mkasi. Umeondoka tu, wawili wamekwenda makaburini na maua. Neno la Kinatalin sijalisikia tena. Yule msichana kanijia kwa siri kuniomba msamaha, nikamwambia mimi si wa kuombwa.

Sasa habari kubwa. Unakumbuka Mingelin, shoga wa mama yako, hakuwepo siku ile, miguu ilimshika. Jumapili mwanawe kamleta kwa mkokoteni mpaka mlangoni kwangu. Kasikia habari, na amekasirika.

"Mnamlilia nini Natalin?" kaniuliza kabla hata hajashuka. "Nani kawaambia aliumia? Natalin kaniambia mwenyewe, tunafua mtoni. Kasema, 'Mingelin, Karmelin kanifundisha. Mjini hawaweki phula, zinashika vumbi, watoto wanakohoa. Miaka yote hii nilikuwa sijui.' Kafurahi, we! Mwanawe kasoma, mwanawe anajua. Kila kawandi aliyoshona baada ya hapo aliacha kona tupu, kwa makusudi na kwa moyo mmoja."

Nikamuuliza, mbona siku ya harusi hakusema? Mbona alituacha tumcheke? Mingelin kasema hata yeye alimuuliza hivyo. Natalin kamjibu, "Nikisema ni mtindo wa Karmelin, akija likizo watamwimba yeye. Watasema anajifanya bibi wa mjini. Wacha wanicheke mimi."

Kwa hiyo futa machozi, mwanangu! Nimebeba barua hii kama nabeba peremende. Hakuwa na kinyongo na wewe hata chembe. Alidhani ni mtindo tu. Amekufa anajivunia.

Lakini jambo moja linanitatiza. Nani alimwambia uongo ule wa vumbi? Mingelin anasema ni Karmelin, lakini wewe ulisema aliishika kona akanyamaza. Nimemwambia ni masista wa bweni, yeye kachanganya. Ndivyo?

Nijibu upesi, baraza zima linasubiri.

Shangazi yako,
Dumgi


Belgaum, 12 Machi 1995

Shangazi Dumgi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Lawrens mzima. Inas mzima.

Mingelin hakuchanganya. Masista hawakusema kitu, na wala wao hawakujua kwamba kawandi ilikuwa na kona za namna gani.

Nilikuandikia kwamba Mama alinyamaza. Nikarudia hivyo barazani mbele ya watu wote. Hakunyamaza. Aliishika kona, akaigeuza, akaniuliza, "Zimechanika?" Ningeweza kusema ndiyo. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye blauzi yake, angezitengeneza hapo hapo kitandani, na wasichana wale wangeona. Walikuwa mlangoni wanachungulia. Kwa hiyo nilisema kwa sauti, ili na wao wasikie, "Mjini hawaweki, Mama. Zinashika vumbi. Ni ushamba."

Akasema, "Kumbe." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kona. Halafu akauliza, "Na mimi niache?"

Nikamwambia aache.

Akanishukuru, Shangazi. Alisema, "Umefanya vizuri kunieleza."

Likizo ya kwanza nilikuta kitandani kwangu kawandi mpya, kona tupu. Nilidhani ni hiyo moja, kaishona kwa ajili yangu, na nilifurahi kwamba sasa nyumbani pia sitakuwa na masikio. Sikutazama nyingine. Wala miaka ya baadaye sikuuliza kwa nini hakai tena barazani kwenu.

Nilipokuja Februari nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Nikasema habari ya wembe, maana ile ni habari ya mtoto aliyeonewa na wenzake, na mtu akiisikia anaweza kumhurumia. Nyinyi mlinihurumia. Mlinipa chai. Mmoja wenu alinishikia mtoto. Hii nyingine niliimeza, nikapanda basi nayo.

Sasa umeniandikia kwamba alivumilia kuchekwa ili mimi nisichekwe, na unaniambia nifute machozi. Sijui nifute kwa kitu gani.

Usimwachie Mingelin aonekane mzee aliyechanganyikiwa, na usiwasingizie masista. Waite wote barazani, hata yule msichana, uwasomee barua hii kwa sauti, na usiruke mstari wowote kwa kunionea huruma. Kona za Lawrens sitazigusa mpaka utakaponiandikia kwamba umewasomea.

Waambie mama yangu hakuwa mvivu, wala hakukasirika, wala hakusahau. Aliniuliza mimi, nikamjibu, akaniamini.

Karmelin